SOMO LA FAMILIA: MTOTO ANAPOFANYA KAZI KATIKA BIASHARA YA NYUMBANI



Somo letu la safari hii linahusu jambo lililo katika nyumba nyingi za makazi yetu: watoto wanaotusaidia kutafuta riziki. Mmoja anakaa kwenye kibanda cha chumvi na sabuni. Mwingine anatembeza maandazi kabla ya kwenda shule. Mwingine anapalilia maharage ya kuuza, na mwingine anabaki na simu ya kutuma pesa wakati mama amekwenda kuteka maji. Je, tunakosea? Na kama hatukosei, mpaka uko wapi?

Somo lina malengo matatu: kujua sheria ya Uganda, nchi iliyotupokea, inasema nini juu ya jambo hili, kujua biashara ya familia imewekwa wapi katika sheria hiyo, na kupata kipimo ambacho kila nyumba inaweza kukitumia bila kumngoja mkaguzi. Lisomeni pamoja nyumbani, na watoto wawepo.

1. KWA NINI SWALI HILI LIMEKUWA ZITO

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, kulima na kufanya biashara. Hiyo ni neema ambayo ndugu zetu katika nchi nyingine hawana. Kwa hiyo Nakivale, Kyangwali, Kyaka II na Rwamwanja utakuta masoko, vibanda, mashine za kusaga, mafundi cherehani na vinyozi, na nyingi kati ya kazi hizo ni za familia moja moja.

Lakini chakula cha msaada kimepungua. Mwaka 2023 Shirika la Chakula Duniani, WFP, lilianza kuzigawa familia katika makundi kwa kadiri ya uhitaji. Mwaka 2025 fedha zilipozidi kupungua, watu wapatao milioni moja nchini Uganda waliondolewa kwenye msaada wa chakula. Nyumba iliyokuwa ikitegemea mgao sasa inategemea kibanda. Kibanda nacho kinahitaji mikono, na mikono iliyo karibu, isiyodai mshahara, ni ya watoto.

Hatuandiki somo hili kuwahukumu wazazi. Mzazi anayeamka alfajiri ili watoto wapate uji anafanya kazi yake. Lakini shida inapoingia nyumbani, anayelemewa kwanza mara nyingi ni yule asiyeweza kukataa.

2. KUSAIDIA WAZAZI SI KOSA

Tuanze na hili ili pasiwe na hofu. Hakuna sheria inayosema mtoto asifue nguo zake, asifagie uwanja, asichote maji, au asikae dukani na mama yake baada ya shule.

Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, ambao Uganda imeuridhia, unazungumzia pande zote mbili. Katika kifungu cha 31 unasema mtoto ana wajibu wa kuimarisha umoja wa familia, kuwaheshimu wazazi na kuwasaidia wakati wa haja, kwa kadiri ya umri na uwezo wake. Katika kifungu cha 15 unataka mtoto alindwe asinyonywe kwa kazi, na unataja wazi kwamba ulinzi huo unahusu kazi rasmi na kazi zisizo rasmi. Maneno ya kushika ni haya: umri na uwezo.

Wazee wetu walisema samaki mkunje angali mbichi. Mtoto anayejifunza kuhesabu chenji, kupima unga bila kuiba na kumsalimia mteja kwa heshima anapata elimu asiyoipata darasani. Familia nyingi zilizovuka mpaka bila kitu zimesimama tena kwa ujuzi uliorithiwa hivyo. Tunalolitafuta ni mafunzo ya namna hiyo yasigeuke kuwa utumwa mdogo ndani ya nyumba.

3. SHERIA YA KAZI INASEMA NINI

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 iliweka mambo haya juu ya watoto:

a) Mtoto chini ya miaka 12 asiajiriwe katika biashara au mahali popote pa kazi.

b) Mtoto chini ya miaka 14 asiajiriwe isipokuwa kwa kazi nyepesi, chini ya usimamizi wa mtu mzima aliyepita miaka 18, na kazi hiyo isiharibu masomo yake.

c) Mtoto yeyote asipewe kazi ya hatari au ya kudhuru afya yake.

d) Mtoto asifanye kazi ya ajira usiku, yaani tangu saa moja jioni mpaka saa moja asubuhi.

Hilo la mwisho ni rahisi kulikumbuka: saa moja mpaka saa moja. Jua likizama, kazi ya mtoto imekwisha, na haianzi tena mpaka jua litoke.

Baadaye, Sheria ya Mtoto iliporekebishwa mwaka 2016, umri wa kuanza kuajiriwa uliwekwa kuwa miaka 16. Basi ukitafuta mfanyakazi wa kibanda au wa shamba, usimchukue mtoto aliye chini ya umri huo. Hata kijana wa miaka 16 au 17 bado analindwa asipewe kazi ya hatari, kwa kuwa Sheria ya Mtoto inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto.

Wengine watasema hizi ni sheria za wenyeji. La. Mkimbizi yuko chini ya sheria za nchi anayoishi, na mtoto wake analindwa nazo. Hata kwetu Kongo iko Sheria ya Ulinzi wa Mtoto ya Januari 2009, ambayo nayo inamhesabu mtoto kuwa mtu aliye chini ya miaka 18.

4. MLANGO WA FAMILIA

Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa, kwa hiyo tusome polepole.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 iliacha nje biashara ndogo za familia. Ilisema haiwahusu mwenye biashara na jamaa zake wanaomtegemea, ikiwa jamaa hao peke yao ndio wafanyakazi na hawazidi watano. Kibanda cha mama na watoto wake watatu kinaingia hapo. Ofisa wa kazi hatakuja kuuliza mkataba wa mtoto wako.

Je, basi mzazi anaweza kumtumikisha mwanawe apendavyo? Hapana. Mlango mmoja umeachwa wazi, lakini ndani ya nyumba wamesimama walinzi wengine wawili.

Mlinzi wa kwanza ni Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 34. Inamlinda mtoto asinyonywe, na inakataza mtoto kuajiriwa au kutakiwa kufanya kazi ya hatari, au inayozuia masomo, au inayodhuru afya yake na makuzi yake ya mwili, akili, roho na tabia. Kwa jambo hili Katiba inamhesabu mtoto kuwa aliye chini ya miaka 16. Angalieni neno "kutakiwa". Si lazima pawepo mshahara wala bosi. Mzazi anayemwambia mwanawe "leo huendi shule, kaa dukani" amemtaka afanye kazi inayozuia masomo.

Mlinzi wa pili ni Sheria ya Mtoto. Inakataza mtoto kuingizwa katika shughuli yoyote inayoweza kudhuru afya, elimu au makuzi yake. Haikumwacha nje mzazi. Tena inamwekea mzazi, mlezi na kila anayekaa na mtoto wajibu wa kumpatia elimu, chakula, mavazi, malazi na matibabu.

Kwa hiyo sheria haiulizi tu duka ni la nani. Inauliza kazi ile inamnyima mtoto nini. Kazi ileile, kama vile kupima sukari, yaweza kuwa msaada mwema saa kumi na moja jioni, na yaweza kuwa dhuluma saa nne asubuhi siku ya shule.

Kumbukeni pia: ukishamleta mtoto wa jirani kufanya kazi kwa ujira, hiyo si biashara ya familia tena, na sheria ya ajira yote inakuhusu.

5. VIPIMO VINNE VYA NYUMBANI

Sheria ndefu husahaulika, kwa hiyo tushike vipimo vinne.

Kipimo cha kwanza: SHULE. Je, kazi inamfanya achelewe, asinzie darasani au akose siku? Tuwe waangalifu hasa wakati wa kupanda. Mvua za kupanda huja Machi na Septemba, na sehemu kubwa ya majira hayo shule ziko wazi. Mtoto akikosa wiki mbili kila msimu, huku hesabu mpya zikifundishwa, mwisho wa mwaka mzazi ataambiwa mtoto ni mzito wa kichwa, kumbe alikuwa shambani.

Kipimo cha pili: SAA. Je, anafanya kazi kabla ya saa moja asubuhi au baada ya saa moja jioni? Je, analala vya kutosha? Je, ana siku ya kupumzika?

Kipimo cha tatu: MWILI. Jerikeni ya lita 20 ikijaa maji ina uzito wa kilo 20 na zaidi kidogo. Mtoto wa miaka tisa au kumi mara nyingi hana hata kilo 35. Unapomtwika, umembebesha zaidi ya nusu ya uzito wake. Mpe ya lita 5 au 10. Ni vivyo hivyo kwa magunia ya mahindi na matofali.

Kipimo cha nne: HATARI. Mtoto asikae kwenye karai la mafuta ya moto, asiguse mkanda wa mashine ya kusaga, asinyunyize dawa ya wadudu shambani, asichome mkaa. Asiuze pombe, wala binti asitumwe kuhudumia meza za walevi hata kama kilabu ni cha baba yake mdogo. Asiachwe peke yake na fedha nyingi za biashara ya simu, kwa maana mwizi hamwogopi mtoto, na fedha zikipotea mtoto ndiye atakayepigwa.

Kazi ikipita vipimo vyote vinne, mshukuru Mungu na mfundishe mwanao vizuri. Ikishindwa hata kimoja, ibadilishe.

6. MFANO WA KUHESABU

Tuchukue mfano wa nyumba inayouza maandazi na kuwa na kibanda kidogo. Binti ana miaka 12, yuko darasa la tano. Tuandike siku yake.

Saa kumi alfajiri anaamka kusaidia kukaanga, kisha anatembeza mpaka saa mbili asubuhi: saa nne za kazi. Saa mbili mpaka saa kumi jioni yuko shule: saa nane. Saa kumi mpaka saa kumi na moja anateka maji: saa moja. Saa kumi na moja mpaka saa tatu usiku yuko kibandani: saa nne za kazi. Saa tatu mpaka saa nne usiku anakula, anaoga na kufanya mazoezi ya shule: saa moja. Anabakiwa na saa sita za kulala.

Jumlisheni. Kazi ya biashara ni saa nane kwa siku, ambayo ni siku nzima ya kazi ya mtu mzima. Katika hizo saa nane, tano ziko ndani ya usiku: tatu kabla ya saa moja asubuhi, na mbili baada ya saa moja jioni. Hakuna aliyemchukia binti huyu. Mama yake anampenda, na huenda kila mtu kanisani anamsifu kuwa ni mchapakazi. Lakini karatasi inaonyesha anaishi siku mbili ndani ya siku moja, na atakayeshindwa kwanza ni yule wa darasani.

Nyumba hiyo ifanye nini? Kukaanga alfajiri kubaki kwa watu wazima. Maandazi yauzwe mahali pamoja na mtu mzima badala ya kutembezwa na mtoto. Maji yatekwe kwa zamu, wavulana nao waingie katika zamu. Binti akae kibandani tangu saa kumi na moja mpaka saa kumi na mbili, akiwa na mama au kaka mkubwa, kisha afanye masomo kabla giza halijaingia. Jumamosi asubuhi asaidie zaidi. Siku ya ibada apumzike kweli.

Mpango huu una gharama. Huenda maandazi kumi au ishirini hayatauzwa. Familia ikae na daftari, iandike hasara hiyo ni shilingi ngapi kwa wiki, kisha itafute pa kuiziba: kukopeshana katika kikundi cha akiba, majirani wawili kuuza kwa zamu, au kupunguza bidhaa zisizotoka. Hasara iliyoandikwa hutafutiwa dawa. Ile isiyoandikwa hulipwa na mtoto kimya kimya.

7. MTOTO WA NDUGU ANAYELELEWA KWETU

Vita vimetuachia watoto wengi wasio na wazazi karibu. Nyumba nyingi zimewapokea, na Mungu awabariki. Lakini hapa pana jeraha ambalo hatulitaji mara nyingi.

Katika nyumba fulani, watoto wa kuzaliwa huvaa sare asubuhi, naye mtoto wa marehemu dada hubaki kufungua duka. Akiulizwa mlezi husema, "Huyu anatusaidia, naye tunamlisha." Chakula si mshahara wala si ada. Sheria ya Mtoto inamwekea wajibu kila anayekaa na mtoto, si mzazi wa damu peke yake. Naye mtoto huyo ni mgumu kusaidiwa kuliko wote, kwa sababu hana pa kukimbilia, na anaogopa kuonekana hana shukrani.

Tukisoma amri ya mapumziko katika kitabu cha Kutoka sura ya 20, tunakuta mwana na binti wametajwa mara tu baada ya mzazi mwenyewe, kisha watumishi, wanyama, na mgeni aliye ndani ya malango. Pumziko la mtoto halikuachwa mikononi mwa huruma ya mzazi, bali liliwekwa katika amri. Na mgeni pia alihesabiwa. Sisi tulio wageni katika nchi ya watu tunalijua tamu la kuhesabiwa. Basi tusimsahau mgeni mdogo aliye ndani ya nyumba yetu.

8. MANENO TUNAYOYASIKIA

"Mimi nililelewa hivyo, na sikufa." Ni kweli. Lakini wengi wetu tulilelewa kwenye shamba la ukoo, ambalo tungelirithi hata bila cheti. Mwanao hana shamba hilo. Akitoka hapa, iwe ni kurudi nyumbani au kwenda nchi nyingine, atabeba alichonacho kichwani.

"Tukimwacha asome tutakula nini?" Swali hili si la kudharau. Ndiyo maana hatusemi kazi yote iondolewe. Tunasema iondolewe kwanza ile ya usiku, ile ya hatari, na ile ya saa za shule. Inayobaki igawanywe kwa haki kati ya wavulana na wasichana, na kati ya watoto wa nyumbani na waliopokewa.

"Wataninyang'anya mtoto wangu." Kuomba ushauri si kujishtaki. Mzazi anayekwenda mapema kueleza shida yake yuko mahali pazuri kuliko yule anayengoja mpaka mtoto aungue.

9. MSAADA UKO WAPI

Anzeni na kamati ya wakimbizi ya kijiji chenu. Yuko pia mwenyekiti wa LC1, na makamu wake ndiye mwenye dhamana ya mambo ya watoto. Wapo maofisa wa ulinzi wa mtoto wa mashirika, na ofisa wa ustawi wa jamii wa wilaya. Mtoto akiwa hatarini, nendeni polisi kwenye dawati la mtoto na familia, au pigeni simu 116, namba ya msaada wa watoto inayoitwa Sauti. Simu hiyo hailipiwi.

Angalieni pia umri wa watoto kwenye karatasi ya familia mliyopewa wakati wa kuandikishwa. Ukiwa umeandikwa vibaya, ombeni usahihishwe katika Ofisi ya Waziri Mkuu hapa makazini. Mtoto wa miaka 13 aliyeandikwa kuwa na 17 anaweza kukosa ulinzi ulio wake.

10. MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Kila mtoto ataje kazi alizofanya jana tangu kuamka mpaka kulala, mzazi aandike bila kumkatiza. Saa ngapi zilikuwa za biashara?

2. Ni kazi gani katika nyumba yetu inafanyika kabla ya saa moja asubuhi au baada ya saa moja jioni? Nani anaifanya?

3. Katika muhula huu, kila mtoto amekosa shule siku ngapi, na kwa sababu gani?

4. Je, wasichana na wavulana wanabeba mzigo sawa? Na mtoto aliyepokewa, je?

5. Ni kazi ipi moja tutakayomwondolea mtoto kuanzia Jumatatu ijayo, na mtu mzima gani ataichukua?

Andikeni jibu la swali la tano kwenye daftari la biashara, ukurasa wa kwanza, na jina la mtu mzima huyo. Baada ya mwezi mmoja lisomeni tena pamoja na watoto, nao waseme kama limetimizwa.

Bwana azibariki nyumba zenu na kazi za mikono yenu.